Kabati Lililofika na Ila Zake

Wasomaji wetu watatuwia radhi ikiwa safari hii twaacha mambo makubwa ya dunia, tukaandika juu ya kabati la nguo. Twaona kwamba nyumba nyingi hivi leo hununua vyombo kwa njia ya simu, na lililotupata sisi laweza kumpata mtu yeyote kesho. Tena jambo lenyewe lilileta mzozo nyumbani mwetu, mzozo ambao haukuwa baina yetu na mwuzaji peke yake, bali baina yetu sisi kwa sisi. Na huo wa pili ndio uliotufanya tushike kalamu.

Ilikuwa mwaka 2024, katika siku za mwisho za Ramadhani ya mwaka 1445. Binti yetu alikuwa amekwisha kuposwa, na harusi imewekwa Mfunguo Pili. Sisi twakaa Mji wa Kale, Mombasa, na katika ukoo wetu haipendezi binti kuingia nyumba yake bila ya wazee wake kumtilia vyombo. Zamani jambo hili lilikuwa jepesi kulieleza, ijapokuwa si jepesi kulilipia. Mzee alikwenda kwa seremala, akachagua ubao wa msaji au wa mfenesi, akaugonga kwa kidole, akausikiliza. Kisha kila alasiri akipita njiani kutoka msikitini husimama kidogo kuangalia kazi ilipofikia. Ila ikiwapo, aliiona ingali mbichi, na fundi akaitengeneza mbele ya macho yake.

Sasa vijana wetu walifungua simu wakatuonyesha picha nne za kabati moja zuri: milango mitatu, kioo cha katikati, rangi ya kahawa, na bei shilingi 38,500 pamoja na kuletewa mpaka mlangoni. Mwuzaji yuko Nairobi. Jina lake hatutalitaja, kwa sababu hatuandiki ili kumfedhehesha mtu. Fedha zikatumwa kwa M-Pesa usiku ule ule kabla ya daku, risiti ikaingia kwenye simu, na kila mtu akafurahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyasoma masharti ya mauzo, nayo yalikuwa yameandikwa pale pale chini ya picha.

Kabati lilifika Mfunguo Mosi, katikati ya masika. Wasomaji wa Kenya watakumbuka masika ya mwaka ule yalivyokuwa, mito ikifurika na watu wakihama makwao. Mzigo wetu ulisafiri kilomita zipatazo 480 katika hali hiyo, ukiwa ndani ya maboksi matatu. Lori haliwezi kuingia vichochoroni mwetu. Lilisimama kando ya barabara, maboksi yakapakiwa juu ya mkokoteni, hamali akayafunika kwa karatasi ya nailoni na kuyasukuma mpaka mlangoni. Ilikuwa karibu na Alasiri na manyunyu yameanza.

Kijana wa lori alikuja nyuma yake na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi ilisema kwamba bidhaa zimepokewa katika hali njema. Twasema kweli: tuliona kwamba boksi moja pembe yake imebonyea, na kwamba chini yake lina doa kubwa la maji yaliyokwisha kukauka. Tuliliona. Lakini mtu alikuwa amesimama mvuani, lori limezuia njia na madereva wengine wanapiga honi, nasi tuliona haya kumwambia angoje mpaka tufungue boksi moja baada ya jingine. Tukatia sahihi. Haya ni sifa njema kwa mwanadamu, lakini haya ya siku ile ilikuwa ya mahali pasipokuwa pake, na ilitugharimu karibu mwezi mzima wa kuandikiana.

Baada ya Isha tukaanza kufungua. Hatukuwa na kikatio kifaacho, kwa hiyo kilitumika kisu cha jikoni, kile kikubwa cha kukatia nyama. Kijana wetu mmoja, kwa pupa ya kutaka kuliona kabati la dada yake, alikisukuma kisu kikapita boksi, kikapita karatasi laini ya ndani, kikafika kwenye mlango wa kulia wa kabati, kikaacha mchoro wa urefu wa shubiri. Tulihuzunika, lakini hatukuwa na wasaa wa kuhuzunikia hilo, maana boksi la pili lilipofunguliwa, lile lenye doa, tulikuta ubao wa chini umevimba mfano wa mkate uliotumbukizwa majini, na mlango wa kushoto umepasuka pembeni pale zinaposhikiliwa bawaba.

Asubuhi tulimwita jirani yetu, fundi seremala wa miaka mingi. Alikaa chini, akapitisha kidole gumba juu ya ule uvimbe, akatueleza jambo ambalo twafikiri kila mwenye kununua vyombo vya siku hizi yafaa alijue. Mbao hizi, alisema, si mbao za kupasuliwa katika gogo. Ni unga na vipande vidogo vya miti vilivyochanganywa na gundi, vikashindiliwa kwa mashine, kisha juu yake pakabandikwa ngozi nyembamba yenye rangi na mishipa ya mti. Ubao wa mti ukilowa waweza kukauka ukarejea karibu na ulivyokuwa. Huu ukivimba umekwisha vimba. Na penye uvimbe skrubu haishiki, kwa sababu punje zimekwisha kuachana. Akaongeza kuwa maji yaliyofanya kazi hii hayakuwa ya jana. Manyunyu ya robo saa juu ya mkokoteni uliofunikwa hayawezi kuvimbisha ubao kiasi hicho, na lile doa la boksi lilikuwa kavu wakati lilipofika. Kabati liliwekwa majini, ama ghalani ama ndani ya lori, likakaa.

Twamshukuru fundi huyo kwa jambo moja zaidi. Tangu usiku baadhi ya watu wa nyumba walikuwa wamekwisha kumtia hamali makosani. Hivyo ndivyo ilivyo dunia: katika mlolongo wa watu watano kitu kilimopita, atakayelaumiwa kwanza ni yule avutaye kwa mikono.

Sasa kijana wetu akapiga picha 11 na kuandika barua kwa mwuzaji. Barua ilikuwa nzuri, imepangwa vyema. Lakini ndani yake alisema kwamba ubao wa chini na milango miwili vimeharibika njiani. Akatusomea kwa sauti, na Bi Mkubwa wetu, aliyekuwa akichambua mchele, akauliza bila ya kuinua macho:

"Na huu mchoro wa kisu, nao ulitoka Nairobi?"

Kijana akacheka kidogo. "Nyanya, hawa wametuletea kitu kibovu kitupu. Mchoro mmoja utawadhuru nini?"

"Mwanangu, la kwao watalijibu wao. Mimi nauliza la kisu."

"Tukikiri mchoro huu, Nyanya, watasema na hayo mengine tumeyafanya sisi. Hapo tutapoteza kila kitu, na harusi ndiyo hiyo."

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, wala hatutaki kuidharau. Wengi wetu mle chumbani tulikubaliana nayo kimoyomoyo. Shilingi 38,500 si fedha ndogo kwa nyumba kama yetu. Nusu yake ilitoka katika mchezo wa kupeana wa akina mama, ambao zamu yake haitarudi mpaka mwaka mwingine. Mwuzaji ni kampuni kubwa yenye maghala, sisi tuna sahihi yetu mbaya juu ya karatasi yao. Kumpa mtu wa namna hiyo silaha ya pili kwa mkono wetu wenyewe kulionekana kuwa ni ujinga.

Lakini tulipokuwa tukifikiri tulikumbuka kisa kilichopokewa na Abu Huraira na kuhifadhiwa katika Sahihi ya Muslim, kisa ambacho hakuna mtoto wa chuoni asiyekisikia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni karibu na lundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomwuliza mwenye mali, yule alijibu kwamba kimenyeshewa na mvua. Mara nyingi tumesikia kisa hiki kikisimuliwa ili kuwaonya wenye maduka, na ni haki. Siku ile, mbele ya ubao uliovimba, tuliona kitu ambacho hatukukizingatia kabla. Mtu yule hakulaumiwa kwa sababu ya mvua. Mvua huteremshwa na Mwenyezi Mungu na humpata kila mtu, na mwuzaji wetu wa Nairobi naye masika ile hakuiomba. Aliloulizwa ni kwa nini hakukiweka kile chakula kilicholowa juu, watu wakakiona. Na sisi je? Mchoro wetu wa shubiri tulikuwa twataka kuuweka chini ya lundo, na juu yake tupange ila za mwenzetu.

Hapo mzee mmoja wa nyumba akatukumbusha Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho darasa za pwani zimekisoma tangu zamani, kwa kuwa wengi wa watu wa huku ni wafuasi wa Imamu Shafii. Katika mlango wa biashara mna maelezo ya mnunuzi anapoiona ila ya kale, yaani ila iliyokuwako kabla ya chombo kuingia mkononi mwake. Anayo hiari ya kukirudisha. Ila afanye haraka, kwani akiijua kisha akakaa kimya bila ya udhuru, au akakitumia chombo, amekuwa kama aliyeridhika. Na ikiwa ila nyingine mpya imetokea mikononi mwake, hana tena nguvu ya kumlazimisha mwuzaji akipokee hivi hivi. Mwuzaji akikubali kukipokea kilivyo, basi. Asipokubali, ama kitarudishwa pamoja na fidia ya ile ila mpya, ama mnunuzi atabaki nacho alipwe fidia ya ile ya kale.

Kisha huja suala la ile ila ambayo bila ya kuifanya, ya kale haijulikani. Na mifano iliyotolewa ni yai, na tikiti, na nazi. Twakumbuka tulivyotabasamu darasani tulipofika kwenye nazi, kwani Imamu aliishi nchi ya Sham isiyokuwa na minazi, ilhali sisi tulikuwa tumekaa chini ya mnazi. Avunjaye nazi akaikuta mbovu hana fidia ya kuivunja, maana hakuna njia nyingine ya kuijua. Lakini ikiwa ubovu ungejulikana kwa tundu dogo naye akapasua kupita haja, lile lililozidi ni juu yake.

Boksi ni kifuu cha nazi. Kulikata ilikuwa lazima, na mtu asikubali kamwe kuambiwa kwamba kwa kuwa amefungua boksi basi haki yake imepotea. Lakini kisu kilichopita boksi kikafika mlangoni kilikwenda kupita haja, na hilo lilikuwa letu. (Kama mapatano ya kwenye simu ni mauzo ya kitu kisichoonekana, au ni mauzo ya kitu kilichosifiwa kikawa deni juu ya mwuzaji, hilo twawaachia wanazuoni. Kwa vyovyote, kilicholetwa hakikuwa kilichosifiwa.)

Basi barua ikaandikwa upya. Ikasema: ubao wa chini umevimba kwa maji, picha hizi, mlango wa kushoto umepasuka, picha hizi, mlango wa kulia una mchoro tulioufanya sisi kwa kisu wakati wa kufungua, picha hii, na huo hatuudai. Kijana aliiandika kwa uso uliokunjwa, lakini aliiandika, ikapelekwa siku ile ile kabla ya Adhuhuri. Bi Mkubwa akatoa amri kwamba kabati lisimamishwe ukumbini kama lilivyo, na asionekane mtu kuweka ndani yake hata leso moja. Maboksi nayo tuliyakunja tukayahifadhi, hasa lile lenye doa. Watu wengi huyatupa maboksi asubuhi yake, na kumbe shahidi wao ndiye huyo waliyemtupa.

Jibu lilikuja siku ya tatu, kwa maneno ya adabu. Lilisema kwamba tulitia sahihi kuwa mzigo uko katika hali njema. Kwamba masharti yao yasema bidhaa ikishapokewa hairudishwi. Kwamba lori si lao bali ni la mchukuzi. Na kwamba, kwa hisani, watatupa shilingi 3,000. Juu ya mchoro hawakusema neno.

Ndugu yetu mmoja akaaye Leicester, tulipomsimulia, alikasirika sana akatuambia tusikubali, kwani mnunuzi ana siku 30 za kukikataa kitu kibovu, na hatari ya njiani yote ni juu ya mwuzaji mpaka kitu kiingie mkononi mwa mnunuzi. Alisema kweli, lakini kweli ya Uingereza, ambako sheria ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015 yasema hivyo. Huko pia anunuaye kwa intaneti, kwa bidhaa nyingi, anazo siku 14 za kughairi hata ikiwa kitu ni kizima. Twawaonya vijana wetu wasiibebe sheria ya nchi nyingine na kuja nayo Mombasa wakidhani itawatetea. Ya kwetu ipo, nayo si dhaifu kama watu wadhanivyo. Wengi hawajaisoma tu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa kila mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kadiri, na maelezo ya kutosha juu yake, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro zilizomo. Sheria ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa, nambari 46 ya mwaka 2012, yamhesabu mwuzaji kuwa ametoa dhamana ya kwamba kitu ni cha hali ya kuuzika, hata kama hakusema. Tena haki ilizozitoa haziondoki kwa mapatano wala kwa mnunuzi kuziachilia. Kwa hiyo lile neno "hairudishwi", lililoandikwa chini ya picha, kwa kitu kilichofika kibovu halina nguvu lilizojidai kuwa nazo. Jambo jingine ni mtu aliyebadili nia tu, aliyeona rangi haimpendezi. Huyo kwetu hana haki ya jumla ya kurudisha, na asiitafute katika maandishi haya.

Ama ile sahihi, iliyotukosesha usingizi, tulipata faraja mahali tusipopatarajia. Ipo sheria ya zamani ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, ambayo imetokana na sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893. Hiyo yatenga kupokea na kukubali. Mtu aletewaye kitu ambacho hakupata kukikagua kabla hahesabiwi kuwa amekikubali mpaka apate nafasi ifaayo ya kukitazama. Sisi tulipokea maboksi. Kabati hatukupata kuliona mpaka usiku. Tena akikikataa kwa haki, si juu yake kukirudisha kwa gharama yake. Yatosha amjulishe mwuzaji kwamba amekikataa. Sheria hiyo hiyo lakini ina upande wa kumfaa mwuzaji, kwani yasema kwamba kumkabidhi mchukuzi ni kama kumkabidhi mnunuzi, ijapokuwa pale pale yamtaka mwuzaji apatane na mchukuzi kwa namna ifaayo kulingana na bidhaa zenyewe. Kwetu mapatano yalikuwa ya kuletewa mpaka mlangoni, na mchukuzi alichaguliwa na kulipwa na wao. Tuliyaandika yote haya katika barua ya pili, kwa upole, bila ya kutisha, tukamalizia kwa kusema kwamba twataka fedha zetu na kwamba kabati li tayari kuchukuliwa.

Wiki nzima hapakuja jibu. Siku hizo ndizo zilizokuwa nzito. Kijana wetu hakusema, "Niliwaambia," lakini kila akipita ukumbini alilitazama lile kabati, kisha akatutazama sisi. Mama wa binti alianza kuuliza kwa sauti ya chini kama hatukufanya vibaya kuikataa ile 3,000, kwani walau fundi angeweza kubadili ubao wa chini. Na binti mwenyewe, ambaye shughuli yote ilikuwa yake, alisema kwamba ataingia na sanduku la bati la nyanya yake na hapana neno. Maneno hayo yalituumiza kuliko barua ya kampuni.

Tukaenda kuulizia habari za Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Twapenda wasomaji wetu waijue mahakama hii. Huamua madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, pamoja na madai ya bidhaa zilizouzwa, na sheria yataka shauri likatwe katika muda wa siku 60 tangu kufunguliwa. Tena mtu aweza kusimama mwenyewe bila ya wakili. Yako pia malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kwa sheria ya mwaka 2010 huwashughulikia wauzaji wenye kusema uwongo juu ya bidhaa zao. Na ndugu zetu wa Tanzania wanayo Tume ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003. Tulijaza karatasi za madai, lakini kabla ya kuzipeleka tukampelekea mwuzaji nakala, tukampa siku saba. Twaona ni insafu mtu ajue analodaiwa kabla ya kuitwa.

Siku ya tano akapiga simu mtu wa kampuni, mwanamke mwenye sauti ya utulivu, na alikuwa amezisoma barua zote, hata ya kwanza. Akauliza maswali mawili juu ya doa la boksi. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia. Kila wiki, alisema, huletewa picha za vitu vilivyovunjika, na baadhi yake yaonekana wazi kuwa vilivunjwa nyumbani. Naye hana njia ya kujua mkweli ni nani. Lakini kwetu aliona mnunuzi ametaja mwenyewe ila aliyoifanya, na kwa ajili hiyo aliipeleka barua kwa wakubwa wake akisema kwamba hayo mengine ayasadiki. Wangelichukua kabati na kurudisha fedha, wakikata 2,500 kwa ajili ya mlango wa kulia, kwa kuwa mlango ule haungeweza kuuzwa tena.

Hatutaki msomaji afikiri kwamba kila akiriye makosa hulipwa namna hii; twajua watu waliosema kweli wakafukuzwa. Wala hatujui kama ni ile barua au ni zile karatasi za mahakama zilizofungua mlango. Kijana wetu ashikilia mpaka leo kwamba ni karatasi za mahakama, na huenda ni kweli, nasi hatushindani naye. Aliona uchungu wa zile 2,500 siku nyingi. Siku moja alitufanyia hesabu kwamba mchoro wa shubiri moja umetutoka kwa zaidi ya shilingi 100 kila sentimita. Bi Mkubwa akamjibu kwamba basi ajifunze kukata boksi kwa shilingi.

Fedha ziliingia, shilingi 36,000, siku nne kabla ya harusi. Muda wa kutengeneza kabati haukuwapo tena. Binti yetu aliingia nyumba yake na lile sanduku la bati, lililopakwa rangi mpya na mjomba wake, na kamba mbili za kutundikia nguo nyuma ya mlango. Walioalikwa waliliona, na bila shaka wapo waliosema.

Kabati alikuja kulitengeneza yule yule jirani yetu fundi, kwa mbao za mti, milango miwili tu na bila ya kioo, kwa kuwa fedha hazikufika kwenye kioo. Lilikuwa tayari baada ya Idi ya Mfunguo Tatu. Lilipakiwa juu ya mkokoteni wa hamali yule yule, kwani yeye ndiye ajuaye vichochoro vyetu, likapelekwa nyumbani kwa binti, na kijana wetu akafuatana nalo. Hakukuwa na mvua siku hiyo. Walipofika mlangoni hamali alifungua kamba, akataka ujira wake aende. Kijana akamwomba angoje kidogo, akamletea gilasi ya maji; na mtu yule akakaa juu ya mkokoteni wake akinywa taratibu, huku kijana akifungua mlango mmoja, kisha wa pili, kisha akiinama kupitisha kidole gumba chini ya ubao wa chini, mwisho hadi mwisho.